Kutu ya Webuye Ina Wenyewe

Nimetoka kwenye maonyesho fulani hapa Nairobi nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijaandika. Ukutani wametundika mabati ya Webuye, mji wa magharibi mwa Kenya. Mabati yenyewe, yaliyong'olewa juu ya nyumba za watu, yakawekewa taa kwa nyuma hadi kila tundu likawaka. Yanapendeza, siwezi kukataa. Kisha nikasoma maelezo pembeni: eti kutu hiyo ni alama ya mji uliokufa baada ya kiwanda kufungwa.

Sivyo kabisa. Mabati ya Webuye yaliliwa kiwanda kikiwa hai. Pan Paper, kiwanda chetu cha karatasi, ilipokuwa inapika miti usiku na mchana, moshi wake wenye salfa ndio uliotoboa paa zetu. Ukiezeka nyumba leo, baada ya miaka michache unatafuta mabati mengine. Lakini moshi huohuo ulikuwa mshahara. Kiwanda kilipofungwa 2009, mabati yalipumzika na watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kwa hiyo tundu kwenye bati la Webuye ni kumbukumbu ya miaka ya kazi, si ya miaka ya njaa. Msanii ameisoma kinyume, na mzee yeyote aliyewahi kuingia shifti ya usiku angemsahihisha papo hapo. Angeulizwa tu.

Sisemi wasanii wa kuja wasije. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliyekulia pale sikuwahi kuwaza kwamba bati lililotuvujishia mvua kitandani linaweza kupitisha mwanga namna ile. Ila kazi iliyotokana na mji ionyeshwe mjini kwanza. Kwanza, kabla ya Nairobi, na si kwa picha za kutumiana kwenye simu. Kumbi za kanisa zipo, soko lipo. Itundike hapo, kaa pembeni, msikilize mama muuza omena akikwambia bati hili halikutoka kwetu, kwetu moshi ulikopiga mabati yalikuwa yanaisha kuanzia kwenye misumari. Kisha rudi ukaibadilishe kazi yako. Bila hatua hiyo umechukua mali ghafi tu, kama kiwanda kilivyochukua miti.

Na mwenye nyumba alipewa bati jipya? Maelezo hayakusema.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Lusanga, Kongo, mji wa mawese ulioitwa Leverville, alifika msanii wa Kiholanzi, Renzo Martens. Simkubali kwa mengi. Lakini wafanyakazi wa mashamba wana chama chao cha sanaa, CATPC, tangu 2014. Wanafinyanga udongo wa kwao, sanamu zinamiminwa kwa chokoleti Ulaya, na kwa fedha za mauzo wananunua tena ardhi. Mwaka 2024, walipopewa banda la Uholanzi kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia, sanamu ya Balot, ofisa wa kikoloni wa Kibelgiji, iliyochongwa Kongo 1931, iliazimwa kutoka makumbusho ya Virginia, Marekani, ikapelekwa Lusanga. Venice waliitazama kwa video.

Basi maonyesho haya yakifungwa, mabati yapakiwe kwenye lori hadi Webuye kabla ya kwenda kokote kwingine. Waliofanya kazi kwenye mitambo ile bado wapo. Wapewe viti vya mbele, na yale maelezo ya ukutani wayaandike wao.