Kadi ya Grafiki Isile Bajeti Nzima

Waulize vijana wa Mombasa wanaounda kompyuta ya gemu kwa pesa kidogo waanzie wapi, na wengi watakujibu: kadi kwanza, mengine yatajipa. Mwenye shilingi 60,000 anaambiwa atoe 40,000 kwenye kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za gemu, kisha kilichobaki kinunue mtumba wa ofisini (kompyuta iliyokwisha kutumika), RAM moja (kumbukumbu ya kazi ya mashine), na kasha linalouzwa na pawasaplai yake, kile kifaa cha kugawa umeme, ndani. Anayechukua kadi ya wastani ili abakishe za pawasaplai na RAM huonekana mwoga. Naona mtu huyu anaonewa, na kwa mji wetu ndiye mwenye hesabu nzuri.

Wa kadi kwanza wana hoja, tena nzito. Kadi ndiyo inayochora, na kwenye mgao wowote wa busara itachukua fungu kubwa kuliko kifaa kingine. Ukicheza gemu za hadithi zenye mandhari nzito kwenye skrini yenye nukta nyingi ya 1440p, pesa ya kadi utaiona kwa macho. Na pesa zetu huja kwa awamu. Anayesubiri mashine iliyokamilika anaweza kukaa mwaka bila kucheza, ilhali kadi nzuri huhamishiwa kwenye mashine itakayofuata.

Lakini tuangalie fremu zenyewe, yaani picha moja moja zinazounda mwendo wa gemu, zinavyotoka. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu imepewa milisekunde 16.7. Prosesa, ubongo wa kompyuta, lazima iamue kila mchezaji yuko wapi, risasi imempata nani, mpira umegonga mguu gani, ndipo kadi ichore. Kadi inapochora fremu hii, prosesa tayari inaandaa ile inayofuata, kwa hiyo mwendo unapangwa na aliye mzito kati ya hao wawili. Tuseme prosesa yako inahitaji milisekunde 20 na kadi 10. Utapata fremu 50. Sasa uza simu, kopa kwa mjomba, ununue kadi yenye kasi maradufu inayochora kwa milisekunde 5. Utapata fremu 50 zile zile. Ukishusha ubora wa picha nako hupati kitu cha maana, maana unampunguzia kazi yule ambaye hakuwa amechoka.

Hali hii haitokei kwa nadra. Mitumba mingi ya ofisini inayofika kwetu hubeba prosesa kama Core i5-3470 au i5-6500, zenye viini 4 na nyuzi 4 tu za kazi, yaani hushika kazi nne tu kwa wakati mmoja. Na gemu zinazochezwa sana kwa ushindani, Valorant na Counter-Strike 2, huegemea prosesa, hasa kwenye skrini ya kawaida ya 1080p. Zaidi ya hayo, Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mtumba wa kizazi cha 3, kama ule wa i5-3470, umeshafika mwisho wa njia, hata ukiuvika kadi gani.

Jambo linaloniuma zaidi ni pawasaplai. Geuza ile iliyokuja na kasha la bei rahisi usome kibandiko chake. Juu utakuta 500W kwa herufi kubwa. Shuka hadi kwenye jedwali dogo, tafuta safu ya volti 12, maana ndiko kadi na prosesa zinakokula. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Kadi ya RTX 3060 peke yake imeandikiwa wati 170. Ongeza prosesa ya wati 65, umefika 235. Umeshapita uwezo kabla hujahesabu feni wala diski, na kadi huwa na mivuto ya ghafla inayozidi hata kiwango kilichoandikwa. Mashine itazima katikati ya mechi. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Pawasaplai mbovu inaweza kufa na kuondoka na kadi ya shilingi 40,000, na stima zetu zinazopotea na kurudi kwa kishindo hazisaidii.

Anayechagua kadi ya wati 75, mfano zile GTX 1650 zisizohitaji waya wa ziada wa umeme, anajua kwamba tundu la kadi kwenye bodi hutoa wati 75 tu, na kwamba OptiPlex ndogo, ile kompyuta ya ofisini ya Dell, mara nyingi haina waya wa kadi na pawasaplai yake ina umbo lake mwenyewe. Huyo amesoma kibandiko. Tusimwite mwoga.

Kisha kuna joto. Vipimo vingi tunavyotazama mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Prosesa iliyosimama kwenye nyuzi 75 huko, Kisauni mwezi wa Machi, chumba kikiwa na nyuzi 32, itakaribia 85. Zile wati 170 za kadi nazo zinaishia kuwa joto ndani ya chumba hicho hicho, feni ya dari ikilizungusha tu. Chumvi ya upepo wa bahari sina haja ya kumweleza mtu wa pwani.

Kuhusu awamu za pesa, wa kadi kwanza wanasahau njia moja. Anza na prosesa yenye grafiki ndani, kama Ryzen 5 5600G, na pawasaplai ya kuaminika, ucheze gemu nyepesi huku ukiweka akiba ya kadi. Hapo chukua RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa sababu grafiki hiyo hukopa RAM ya mashine, na njia mbili huipitishia data kwa kasi kuliko moja.

Ila kama tayari una prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, na pawasaplai ambayo safu yake ya volti 12 umeipigia hesabu ikatosha, basi nakubaliana nao: pesa yote iliyobaki itie kwenye kadi.