Aidini monokloridi isitupwe kwenye maabara za alizeti

Wanaotaka maabara za mafuta ya alizeti za Singida na Dodoma ziachane na mmumunyo wa Wijs, kemikali ya kupima namba ya aidini (kiasi cha aidini ambacho gramu 100 za mafuta hufyonza), wana hoja. Aidini monokloridi iliyomo, kampaundi ya aidini na klorini, huchoma ngozi na hula vizibo vya mpira. Ikipata unyevu huvunjika. Refraktometa, kifaa kinachopima jinsi mafuta yanavyopinda mwanga, hutoa jibu papo hapo, bila mabaki ya sumu.

Lakini jibu hilo lina uzito gani? Kwa nyuzi 40, Codex, viwango vya kimataifa vya vyakula, inaipa alizeti kipimo cha kupinda mwanga cha 1.461 hadi 1.468, na oleini ya mawese (sehemu ya majimaji ya mafuta ya mawese) 1.458 hadi 1.460, zinakaribia kugusana. Kwa namba ya aidini, alizeti ni 118 hadi 141, oleini huanzia 56. Alizeti ya 130 iliyochakachuliwa kwa asilimia 20 ya oleini ya 57 hushuka hadi 115. Hapo mchakachuaji amenaswa.

Au ananusurika, kwa uzembe wa maabara. Gramu 0.13 za mafuta huwekewa mililita 25 za Wijs, hufungwa gizani saa moja, kisha huongezwa iodidi ya potasiamu na aidini iliyobaki hupimwa kwa tiosalfeti ya 0.1 M. Kwa uzito huo, mililita moja ya tiosalfeti ni karibu 10 kwenye namba ya aidini. Sasa asidi asetiki, kiyeyushi cha Wijs, hutanuka takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi. Pima chupa tupu isiyo na mafuta asubuhi kwa nyuzi 22, halafu sampuli mchana kwa nyuzi 30: pipeti ileile inabeba aidini monokloridi pungufu, na upungufu huo unahesabiwa kana kwamba umeliwa na mafuta. Namba inapanda kwa 4 hivi. Ile 115 inasomeka 119, na mafuta yaliyochanganywa yanapita. Kemikali haina kosa hapo. Chupa tupu na sampuli zijazwe kwa wakati mmoja, basi.

Wapinzani wako sahihi zaidi mahali wasipopataja sana. Alizeti inayojaza mbegu kwenye joto kali huwa na asidi linoleiki kidogo, asidi ya mafuta inayofyonza aidini, hivyo mkamuaji mwaminifu anaweza kuanguka chini ya 118. Namba ya aidini peke yake isimfungie mtu kiwanda. Sampuli hiyo ipelekwe kwenye kromatografia ya gesi, inayotenganisha asidi za mafuta moja moja, iangaliwe asidi palmitiki: alizeti safi haivuki asilimia 7.6, oleini huanzia 38.