Ustadi wa Mkono wa Kima Hauko Kwenye Misuli Peke Yake

Kapuchini, kima mdogo wa jimbo la Piauí, kaskazini-mashariki mwa Brazili, huweka kokwa la mti wa jamii ya mchikichi juu ya jiwe pana, akainua jiwe jingine kwa mikono miwili, kisha akalipigiza. Jiwe hilo mara nyingi lina kilo moja au zaidi, na kima mwenyewe ana kilo mbili hadi nne tu. Huko Serra da Capivara, mbuga ya taifa katika jimbo hilo, uchimbaji uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kima hao wanatumia mawe tangu takriban miaka 3,000 iliyopita.

Ustadi huo umetoka wapi? Wapasuaji, yaani wataalamu wanaochunguza miili ya wanyama waliokufa, wanautafuta kwenye misuli ya kigasha, sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Wengine wanasema misuli hiyo ni urithi wa zamani, na kinachotofautisha mkono mmoja na mwingine ni jinsi ubongo unavyouamuru. Hawa wa pili hushutumiwa kwamba wanaidharau anatomia, elimu ya maumbo ya mwili. Naona wanaonewa.

Wapasuaji nao wana hoja. Binadamu ana msuli wa peke yake unaokunja ncha ya kidole gumba. Kwa kima wengi kazi hiyo hufanywa na kano inayotoka kwenye msuli mkubwa wa ndani unaokunja vidole vyote, hivyo gumba haliko huru sana. Mbega wetu, ambaye maisha yake ni juu ya miti, karibu hana gumba kabisa. Kwa hiyo umbo na matumizi vinakwenda pamoja, hilo sibishi.

Lakini giboni, mnyama wa Asia wa jamii ya sokwe, ana msuli wa gumba uliojitenga, na hajulikani kwa zana. Sokwe wa Afrika Magharibi wanavunja kokwa kwa mawe, ilhali kwa sokwe kano hiyo ya gumba mara nyingi ni nyembamba mno au haipo kabisa. Ukisoma misuli peke yake, hapo utapotea.

Sasa mlinganishe kapuchini na saimiri, kima mwingine mdogo wa Amerika. Vigasha vyao vina mpango uleule wa jumla, na neva kuu ni zilezile tatu. Kiungo kilicho chini ya gumba, kwa wote wawili, hakina umbo la tandiko kama cha nyani. Hata hivyo, kapuchini anaokota punje ndogo kwa gumba na kidole cha shahada. Saimiri huikomba kwa vidole vyote kwa pamoja. Mwaka 1993 watafiti Bortoff na Strick walifuatilia nyuzi za neva zinazoshuka kutoka eneo la ubongo linaloamuru miendo hadi kwenye ugwe mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo), sehemu ya shingoni. Kwa kapuchini, nyuzi nyingi zilifika pale hasa zilipo seli zinazoendesha misuli ya mkono. Kwa saimiri zilikuwa haba. Makaki, kima wa Asia ambaye ukoo wake uliachana na wa kima wa Amerika takriban miaka milioni 40 iliyopita, ana njia hiyo ya moja kwa moja, naye anaokota kwa vidole viwili. Kwa maneno mengine, koo mbili zilizo mbali hivyo zina ustadi uleule na njia ileile, ilhali saimiri, ndugu wa karibu wa kapuchini, amekosa vyote viwili. Kwangu huu ni ushahidi mzito kuliko orodha yoyote ya kano.

Una mipaka yake, bila shaka. Njia hiyo inaeleza uwezo wa kutumia vidole kimojakimoja. Haielezi nguvu za kuinua jiwe la kilo moja, ambazo zinadai mgongo, miguu na mabega. Tena wanyama waliolinganishwa ni wachache, na sababu yake ni nzito: kufuatilia nyuzi hizo huhitaji rangi idungwe kwenye ubongo wa mnyama aliye hai, kisha auawe. Mpasuaji anatumia kima aliyekwisha kufa. Kwa upande wa maadili, yeye yuko mahali pema zaidi, na sitamani majaribio ya aina ile yaongezwe ili hoja yangu ishinde. Ninachodai ni kwamba wingi wa ripoti za misuli, unaotokana na urahisi wa kuzipata, usichukuliwe kuwa ndio uzito wa ushahidi.