Junkanoo ya Bahamas: Mashindano Yameiokoa au Yameibana?

Usiku wa kuamkia Desemba 26, na tena wa kuamkia Mwaka Mpya, Bay Street, barabara ya Nassau, mji mkuu wa Bahamas, hailali. Vikundi vya mamia ya watu hupita vikicheza mpaka kunakucha, ngoma, kengele na filimbi zikilia kwa pamoja. Hiyo ndiyo Junkanoo, iliyozaliwa katika siku chache za Krismasi ambazo watumwa walipewa mapumziko, wakazitumia kucheza walivyocheza wazee wao Afrika.

Leo ni mashindano: kuna majaji, zawadi za fedha na majukwaa ya watazamaji wenye tiketi. Wapo wanaosema hapo ndipo roho yake ilipopotea. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Baada ya ghasia za wafanyakazi mjini Nassau mwaka 1942, zinazoitwa ghasia za Burma Road, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku gwaride hilo kwa miaka kadhaa; lingeweza kufa kabisa. Ushindani wa vikundi vya Saxons na Valley Boys, na baadaye One Family, umeufanya mtaa mzima uwe na timu ya kuipigania. Ingia katika kibanda chao miezi kabla ya Krismasi: karatasi laini za rangi zinachanwa pindo, zinagundishwa mstari kwa mstari juu ya mavazi ya katoni, mpaka katoni yenyewe haionekani. Kazi hiyo hufanywa usiku, baada ya ajira ya mchana, na wengi hawalipwi chochote. Bila hamu ya kumshinda jirani, sidhani kama ingefanyika kwa ukubwa huo. Na ni karatasi tu. Mvua ikitishia, gwaride huahirishwa.

Lakini walalamikaji wana hoja moja ambayo haijibiki kirahisi, nayo ni ngoma. Ngoma ya ngozi ya mbuzi hulegea kwa umande, ikabidi mpigaji aipashe moto ili ikaze tena. Ina usumbufu, ila sauti yake humwingia mtu kifuani. Vikundi vingi sasa vinatumia ngoma za kiwandani zisizohitaji moto. Tarumbeta nazo, zilizoingia miaka ya 1970, mara nyingine humeza kengele kabisa. Ukichanganya na mavazi makubwa yanayohitaji wafadhili, kikundi kidogo cha mtaani kinabaki nyuma kabla hakijaanza kucheza.

Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiingiza Junkanoo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni heshima kubwa, tena imetolewa katika ardhi ya Afrika. Kwangu mimi tatizo si kushindana, ni kile ambacho majaji hukipa alama. Ngoma ya ngozi ipewe alama zake nzito, na sehemu ya Bay Street iachwe bila majukwaa, mtu asiye na tiketi asimame na kucheza.