Nyaraka za mwanasiasa aliyekuwa wakili: ni za familia au za umma?

Mwanasiasa wa muda mrefu ambaye pia alikuwa wakili anapofariki, makabati ya nyumbani kwake hubaki na makaratasi ya aina tatu yaliyochanganyika: barua na shajara zake mwenyewe, nyaraka za serikali alizoondoka nazo ofisini, na majalada ya wateja. Mjadala kuhusu mahali pa kuyahifadhi hukwama mara nyingi kwa sababu watu huyazungumzia kana kwamba yote ni mali ya aina moja.

Kwa wakazi wa Mwanza suala hili liko karibu. Mark Bomani, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1965 hadi 1976 na kisha akaongoza kamati ya kupitia sekta ya madini iliyoundwa mwaka 2007, alikuwa ndugu wa Paul Bomani, kiongozi wa wakulima wa pamba wa kanda hii katika miaka ya 1950 na baadaye Waziri wa Fedha. Maisha ya namna hiyo hupita katika ushirika, siasa na sheria, na ripoti rasmi hutuonyesha uamuzi wa mwisho tu. Nani alipinga, rasimu ipi iliachwa na kwa shinikizo gani, hayo hupatikana kwenye barua na maandishi ya pembeni mwa ukurasa. Ndiyo maana wanaotaka makaratasi hayo yafike kwenye hifadhi ya umma wana hoja nzito, hasa kwa kuwa mchwa na unyevunyevu havisubiri ndugu wakubaliane.

Upande wa pili hauna hoja nyepesi. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kufichua aliyoambiwa na mteja bila idhini yake, na katazo hilo linaendelea hata baada ya kazi kwisha, kwa kuwa siri ni ya mteja. Jalada la mgogoro wa shamba Magu au la mirathi Sengerema linaweza kuwa na maneno ya watu ambao watoto wao bado ni majirani. Familia nayo ina haki ya kuogopa kwamba barua za ndani ya ndoa zitasomwa na wageni. Wapo pia wanaohofu kuikabidhi serikali nyaraka zinazoikosoa serikali hiyohiyo, na hofu hiyo naiheshimu, ingawa kuziacha nyumbani huziweka mikononi mwa mrithi mmoja anayeweza kuzichoma bila kumuuliza mtu.

Nyaraka za serikali, kwa maoni yangu, hazina mjadala: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 ipo, na zirudi zilikotoka. Majalada ya wateja yatengwe na wakili mwingine anayefungwa na kiapo kilekile, wala mtafiti asiyaone bila idhini. Barua na shajara ndizo za kukabidhiwa kwa mkataba unaotaja miaka ya kufungwa, bila familia kunyofoa kurasa kwanza.

Mahali nako kuna uzito. Nyaraka za Hans Cory, mtaalamu wa serikali ya kikoloni aliyeandika kuhusu sheria za mila za Wasukuma, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kusoma habari za vijiji vinavyomzunguka. Hifadhi ya kitaifa ina wataalamu na uzoefu, hilo ni kweli, lakini nakala za kidijitali zinaweza kubaki Mwanza bila nyaraka zenyewe kukosa ulinzi huo.

Kazi ya kutenganisha ianze mwenyewe akiwa hai. Yeye ndiye anayejua herufi mbili zilizotiwa chini ya dokezo ni za nani, barua isiyo na tarehe iliandikwa kabla au baada ya uchaguzi gani, na jalada lipi lilikuwa la mteja hata kama juu yake limeandikwa jina la chama.