Padri Kaiser na watu wa kuamini ripoti

Juzi baada ya misa, kwenye kahawa ya parokia hapa Minnesota, mzee mmoja alisikia natoka Kenya akaniuliza kama nilipata kusikia habari za Padri John Kaiser. Mimi Mkisii, wewe unaniuliza Kaiser! Nikafurahi. Akatikisa kichwa: "Maskini, alijiua." Nani kasema? "FBI." Akakata keki yake, mjadala ukaishia hapo.

Hili ndilo linaloniudhi huku. Ripoti ikishatoka serikalini, imetoka. Sisi tume ikiundwa, swali la kwanza ni inamficha nani.

Kaiser alizaliwa 1932 katika mji mdogo wa Perham, jimbo hili hili. Alikuwa askari wa miavuli kabla ya kuwa padri, akaja Kisii 1964, akajifunza Ekegusii, lugha yetu, akapanda vilima vyetu kwa pikipiki na kujenga makanisa kwa mikono yake. Kisha akapelekwa Maela, kwenye kambi ya waliofurushwa Enoosupukia katika mapigano ya kikabila. Mwisho wa 1994 serikali ilipoivunja kambi na kuwasomba watu usiku kwa malori, alipiga kelele mpaka naye akaondolewa kwa nguvu. 1999, mbele ya Tume ya Akiwumi iliyokuwa ikichunguza mapigano hayo ya kikabila, aliwataja wakubwa kwa majina, majina ambayo sisi tulikuwa tunayataja baada ya kufunga dirisha. Akiwa parokia ya Lolgorien akasimama na wasichana waliosema wamebakwa na mkubwa wa serikali. Agosti 2000 akakutwa kando ya barabara ya Nakuru kwenda Naivasha, risasi kichwani, bunduki yake hapo karibu.

FBI wakaja, wakachunguza, na 2001 wakasema ushahidi unaelekea kujiua. Maaskofu wakakataa. Akina mama wa Lolgorien ambao hawajawahi kuona maabara wakakataa. Na mwaka 2007 hakimu wetu, Maureen Odero, akaamua kwamba padri aliuawa. Mahakama ya Kenya, ile ile tunayoitukana kila siku! Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Najua mnachoandaa. "Umeonja theluji, sasa unatufundisha." Sifundishi mtu. Wala sisemi kwetu ndiko kuzuri. Leseni ya gari huku nilipata bila kumtolea mtu chai, na raha ya kuamini karatasi naijua. Mwingine atauliza kwa nini namlilia mzungu wakati mapadri weusi wamekufa kimya. Swali la haki, lakini usiniulize mimi. Waulize waliolala Maela kama waliangalia ngozi ya aliyebaki nao malori yalipofika.

Tena msinipigie makofi mapema, kwa sababu hasira yangu haijaishia kwa yule mzee. Kutoamini tunakujua sana. Tunakataa ripoti, tunakataa matokeo, tunakataa hata sensa, halafu tunakwenda kulala. Uamuzi wa 2007 ulisema kuna muuaji, na wengi wa waliotajwa mbele ya Tume ya Akiwumi waliendelea na maisha yao, wakazikwa kwa hotuba nzuri au bado wanakaa viti vya mbele harusini. Anayetaka kunitukana kwa kuishi Marekani anitukane tu, ila aanze kwa kuniambia ni nani aliyefungwa kwa kifo cha Kaiser.