Ngazi 808 kwa Viatu vya Kazini

Katika shule ya msingi ninayofundisha Kiingereza hapa Korea Kusini, habari yoyote huwafikia kwanza watu wote, mpishi na mlinzi wakiwamo, ndipo inifikie mimi. Alhamisi moja, nikiwa nimekwisha kupanga kulala hadi saa sita mchana kwa kuwa Ijumaa ilikuwa siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa shule, mwalimu mwenzangu aliniinamia akaninong'oneza kwamba kesho walimu wote tuna safari. Nilipomuuliza nivae nini, alifikiri kidogo, akasema, "Vizuri." Mimi ni mtoto wa Tanga, hata kama pasipoti iliyonipatia kazi hii ni ya Kanada, na kwetu kuvaa vizuri hakuna tafsiri mbili. Nikapiga pasi suruali ya kitambaa na kung'arisha viatu vyangu vya ngozi.

Saa moja asubuhi nilikuta basi limejaa wapanda milima. Kuanzia mwalimu mkuu hadi mhasibu, kila mmoja alikuwa na koti la kuzuia upepo, buti na fimbo mbili. Naibu wa mwalimu mkuu alivitazama viatu vyangu kwa muda mrefu, kisha akanikabidhi gimbap, yaani wali uliovingirishwa ndani ya mwani, kwa mikono miwili kama mtu anayetoa rambirambi.

Kabla hatujatoka mjini, chupa za soju, pombe ya Kikorea, na vipande vya ngisi mkavu vilikuwa vimeanza kuzunguka. Adabu ya huku ni kupokea kikombe cha mkubwa wako kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni unapokunywa. Mimi nisiyegusa pombe niligeuza uso kwa heshima zote nikanywa chai baridi ya shayiri, na shingo ikaniuma hadi mlima Seoraksan.

Kilele cha Seoraksan kina mita 1,708, lakini niliambiwa nisihofu, kwani sisi tungepanda jabali la Ulsanbawi tu. Hiyo "tu" ilikuwa na ngazi 808. Wenzangu walipokumbuka kwamba nimezaliwa nchi yenye Kilimanjaro, walinitanguliza kama kiongozi wa msafara, nami nikashindwa kuwaeleza kwamba mlima ule nimeuona kupitia dirisha la basi la Arusha, tukaheshimiana kwa mbali. Njiani tulipita jiwe liitwalo Heundeulbawi, ambalo hutikisika likisukumwa lakini halianguki, tofauti kabisa na mimi niliyeanguka mara mbili bila kusukumwa na mtu. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu alinipita kwenye ngazi, akarudi kunipa tango, akanipita tena.

Tulipopumzika nilisimuliwa kwamba, kwa mujibu wa hekaya, jabali lile lilitoka Ulsan kwenda kujiunga na vilele vya Geumgang, likacheleweshwa na uzito wake, likasikia nafasi zimejaa, likaamua kubaki hapohapo. Nadhani nalo liliambiwa habari za safari jana yake.

Jioni, mjini Sokcho, nilifarijika kusikia kwamba tutakula pweza. Pweza namjua: kwetu hupigwa mpaka akalainika, akachemshwa, na supu yake ikanywewa kwa ndimu na pilipili. Huyu aliletwa amekatwakatwa, amepakwa mafuta ya ufuta, na kila kipande kilikuwa bado kinatembea sahanini kutafuta mlango. Mwalimu mkuu alinichagulia kimoja kwa vijiti vyake mwenyewe, heshima ambayo haikataliwi, nacho kikaing'ang'ania fizi yangu kama mpangaji aliyepewa notisi.

Jumatatu nilifika shuleni nikichechemea, nimejiandaa kulalamika rasmi kwamba hakuna aliyenieleza chochote. Nikainua kikombe changu cha kahawa mezani, na chini yake nikaiona karatasi niliyokuwa nikiitumia kuwekea kikombe hicho kwa wiki tatu: tarehe, saa ya kuondoka, na picha kubwa ya buti.